Kupamba Nyumba kwa Vitambaa Wakati wa Noeli



Majilio yamekaribia, na kama ilivyo desturi yetu, akina mama wameanza kuulizana nje ya kanisa baada ya Misa: "Mwaka huu umejiandaaje?" Wengine hujibu kwa furaha, wengine hutazama chini. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika somo hili, ili vikundi vya Umoja wa Akina Mama na jumuiya za nyumba kwa nyumba vilisome pamoja na kulifanyia kazi kwa mikono. Akina baba na vijana nao wasifunge gazeti. Sindano haichagui mkono.

Sisi tuliofundisha Sayansi Kimu katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba pambo lolote la nyumba halina budi kujibu maswali. La kwanza: Ni la nini? La pili: Linagharimu nini? Baadaye tukaongeza la tatu: Likiisha kazi yake, litakwenda wapi? Maswali mawili ya kwanza tuliyapata vitabuni. La tatu hatukulipata vitabuni wala chuoni, na katika somo hili tutaeleza tulikolipata.

1. Alama waliyopewa wachungaji

Tuanze na Maandiko. Fungueni Luka, sura ya 2, mstari wa 7 na wa 12. Mwinjili anatueleza kwamba Mariamu alipomzaa mwanawe alimvika nguo za kitoto, akamlaza horini. Kisha malaika aliwapa wachungaji alama ya kumtambua Mwokozi. Je, alama hiyo ilikuwa nini? Haikuwa taa, wala taji, wala nyumba kubwa. Ilikuwa mtoto aliyevikwa vitambaa, amelala mahali pa kulishia mifugo. Basi kitambaa kilikuwapo katika Noeli ya kwanza kabla ya pambo jingine lolote, na kazi yake ilikuwa kumkinga mtoto na baridi.

Kila mama wa kwetu anaijua kazi hiyo. Mtoto akizaliwa, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni kanga safi, laini, iliyofuliwa mara nyingi. Baadaye kanga hiyo hiyo huwa ubeleko. Kwa hiyo tunapotandaza kitambaa wakati wa Noeli tunafanya jambo ambalo Mariamu alilifanya kwa upendo, tena kwa vile alivyokuwa navyo.

Someni pia Kutoka, sura ya 26. Hema la kukutania lilipambwa kwa mapazia 10 ya kitani, yenye rangi ya samawi, zambarau na nyekundu. Kila pazia lilikuwa na urefu wa dhiraa 28 na upana wa dhiraa 4. Tukikadiria dhiraa moja kuwa sentimeta 45 hivi, pazia moja lilikuwa na urefu wa meta 12 na zaidi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini angalieni katika sura ya 35 jinsi vitu hivyo vilivyopatikana: kila mwenye moyo wa kupenda alileta alicho nacho, na wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao wenyewe. Walioleta walileta walichokuwa nacho, wala hawakudaiwa wasichokuwa nacho. Tulishike neno hili, kwa maana tutalirudia.

2. Kitambaa na heshima ya mtu

Wako wanaosema kwamba habari za vitambaa ni mambo madogo, ya kuwaachia wanawake. Tuwajibu kwa historia ya Kanisa letu.

Huko Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, na ibada ya kwanza ndani ya jengo hilo ilifanyika siku ya Noeli ya mwaka 1877. Hata hivyo utumwa wenyewe haukwisha siku ile soko lilipofungwa. Katika Unguja na Pemba, amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria ilitolewa mwaka 1897.

Sasa, watumwa walivaa nini? Walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa kwa meli za biashara kutoka Marekani. Au kaniki, yaani kitambaa kama hicho kilichotiwa rangi nyeusi au ya nili. Ukimwona mtu amejifunga kaniki ulimjua hali yake. Walipopata uhuru, wanawake wengi waliziacha merikani na kaniki wakajinunulia kanga za rangi, zenye mapindo na maua. Hawakufanya hivyo kwa majivuno tu. Walikuwa wakisema mbele ya watu wote, bila kufungua kinywa, "Mimi si mali ya mtu."

Basi ndugu, tusimcheke mama maskini anayetaka nyumba yake ipendeze siku ya Noeli. Kutaka kupendeza ni kutaka heshima, na heshima ni haki ya kila aliyeumbwa na Mungu. Kosa halimo katika kupamba. Kosa huingia pale tunapoacha kuuliza linagharimu nini.

3. Kosa letu la mwaka 1998

Mwalimu asiyesimulia kosa lake hufundisha nusu ya somo. Kwa hiyo tutasimulia.

Mwaka 1998 tulikuwa tumehamia nyumba ya walimu yenye madirisha makubwa. Jirani zetu walikuwa na mapazia ya lesi ya nailoni, meupe kama povu, na sisi tulikuwa na mapazia ya tetroni yaliyopauka. Noeli ilipokaribia tulikwenda mjini tukachukua kwa mkopo dukani lesi ya madirisha 4, kitambaa cha meza chenye nyuzi za dhahabu, na vitambaa vya makochi. Tulijiambia kwamba mshahara wa Desemba utalipa sehemu, na wa Januari utamaliza. Hesabu tuliifanya kwa mdomo, wala hatukuiandika. Sisi tuliowafundisha wengine bajeti ya nyumba!

Sikukuu ilipendeza sana. Wageni walisifu. Mama yetu alikuja kutoka kijijini, akakaa chini ya pazia jipya, akalishika kwa vidole viwili, akanyamaza.

Januari ikafika. Mwenye duka alitaka fedha zake, naye alikuwa na haki. Binti yetu alikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, na karo yake ilikuwa imekwenda madirishani. Shule zilifunguliwa, wenzake wakaondoka. Yeye alikaa nyumbani wiki 3. Kila asubuhi alivaa sare yake, akakaa barazani na daftari, maana alisema hataki kusahau. Sisi tulikwenda kazini kuwafundisha watoto wa watu wengine, na jioni tulirudi tukamkuta pale pale, na nyuma yake lesi ikipepea dirishani.

Aliyelipa karo ile ni mama yetu. Aliuza mbuzi wake 2, akaja na fedha zimefungwa katika pindo la kanga. Alipokuwa akilifungua fundo hakutukaripia. Aliuliza tu, "Hili pazia, mwanangu, likiisha sikukuu litakwenda wapi? Laweza kuvaliwa? Laweza kumbeba mtoto?"

Hapo ndipo tulipolipata swali la tatu.

Desemba iliyofuata mama alikuja mapema, na sanduku lake la kanga kichwani, akatufundisha kupamba nyumba nzima bila kununua kitu isipokuwa uzi, wala kukata kitambaa hata kimoja. Njia hiyo ndiyo tunayoileta kwenu.

4. Maandalizi: kuhesabu na kufua

(a) Andikeni orodha. Katika juma la kwanza la Majilio fungueni masanduku na makabati, muweke kitandani vitambaa vyote: doti za kanga, vitenge, mashuka, vitambaa vya kufuma vya mabibi zetu, hata vipande vilivyobaki kwa fundi. Andikeni kila kimoja na kipimo chake. Kanga moja ya kawaida ina urefu wa sentimeta 150 hivi na upana wa sentimeta 110 hivi, lakini viwanda hutofautiana, kwa hiyo pimeni kwa futikamba, msikisie. Wengi watashangaa jinsi walivyo matajiri.

(b) Fueni kabla ya kushona. Kitambaa cha pamba kipya huweza kuruka kikifuliwa, na kanga mpya huchuja. Loweka kila kanga mpya peke yake katika maji baridi, ukibadilisha maji mpaka yatoke safi. Ianike kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, ili jua lisiipaushe.

(c) Tieni wanga. Kitambaa kilichotiwa wanga na kupigwa pasi hukaa wima, nacho huonekana kipya hata kikiwa na miaka 10. Asiye na fedha za wanga wa dukani atumie muhogo. Menya, kuna, changanya na maji, chuja kwa kitambaa safi, uyaache maji yatulie. Wanga mweupe utazama chini. Mwaga maji ya juu. Kijiko kikubwa 1 cha wanga huo kikoroge na maji baridi kidogo, kisha mimina maji yanayochemka kiasi cha lita 1 huku ukikoroga, mpaka uji uwe mwororo wa kung'aa. Ukipoa, chovya kitambaa, kamua, anika, na upige pasi kikiwa bado kina unyevu. Wenye pasi ya mkaa wakung'ute majivu kwanza, tena wajaribu juu ya kitambaa kikuukuu.

5. Kazi ya kwanza: kitambaa cha meza kwa doti moja

Tuchukue meza ya watu 6, yenye urefu wa sentimeta 150 na upana wa sentimeta 90. Doti moja yatosha kabisa.

Kata doti katikati upate kanga mbili, kama ungefanya ili uzivae, na ukunge upindo mwembamba katika pande fupi. Ziweke pamoja kwa ubavu mrefu, ukingo wa juu wa kanga hii ukigusana na ukingo wa juu wa kanga ile, nyuso zikitazamana. Piga bandi kwa mkono, sentimeta 1 kutoka ukingoni. Msitumie cherehani, nasi tutaeleza sababu. Ukifungua utapata kitambaa cha urefu wa sentimeta 218 hivi na upana wa sentimeta 147 hivi. Mezani kitaning'inia sentimeta 34 hivi kila mwisho wa meza, na sentimeta 28 hivi kila ubavu. Vipimo hivyo vinatosha kupendeza wala havimkwazi anayekaa.

Na jina la kanga litakuwa wapi? Kwa kuwa kingo za juu zimeungana katikati, majina yote mawili yataangukia miisho ya meza, yakisomeka wima kwa anayeingia mlangoni. Kwa hiyo, ndugu zangu, lisomeni jina kabla ya kutandika! Mwaka mmoja chuoni wanachuo walipamba ukumbi wa chakula kwa kanga walizoazimana bweni zima, wakatandika meza kuu vizuri sana. Mgeni wa heshima alipoketi, mbele ya magoti yake palikuwa na kijembe kikali cha kumwambia jirani mchawi aache husuda. Tulicheka baadaye, lakini siku ile jasho lilitutoka. Chagueni kanga zenye maneno ya shukrani, ya amani, au ya kumtaja Mungu. Nyumba yenye wifi na mawifi izidi kuwa na uangalifu.

Juu ya kanga, katikati, tandikeni kitambaa cheupe cha kufuma kama mnacho. Hapo utaona jinsi kazi ya bibi inavyong'aa juu ya rangi.

Sababu ya kupiga bandi ni hii: sikukuu ikiisha, unavuta uzi mmoja tu, na doti yako imerudi kuwa vazi. Hilo ndilo jibu la swali la tatu.

6. Mapazia, mito na vipande

Mapazia. Pazia zuri huwa na mikunjo, na ili liwe na mikunjo, upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha. Doti isiyokatwa ina urefu wa meta 3 hivi; basi inafaa dirisha la upana wa sentimeta 150, ikiwa kimo cha dirisha hakizidi meta 1. Kunja ukingo wa juu sentimeta 4, piga bandi, pitisha kamba au waya. Hapa napo usikate. Mwezi Januari fumua, na doti yako ni nzima kama ilivyotoka dukani. Kwa mlango wa ndani, kitenge kimoja kirefu kilichotundikwa kwa ufito wa mti chapendeza kuliko pazia la bei.

Mito. Kwa mto wa sentimeta 40 kwa 40, kata kipande cha mbele sentimeta 43 kwa 43, na vipande viwili vya nyuma sentimeta 43 kwa 30 kila kimoja. Kunga upindo wa sentimeta 3 katika upande mmoja mrefu wa kila kipande cha nyuma. Viweke juu ya kile cha mbele, nyuso zikitazamana, vile vya nyuma vikipandana katikati. Shona pande zote 4, sentimeta 1 na nusu kutoka ukingoni, kisha geuza. Hapahitajiki zipu wala vifungo. Ndani tieni sufi. Wenye msufi karibu wana dhahabu mtini. Katika mito tunakata kitambaa, kwa hiyo tumieni mashuka na vitenge vilivyochanika pembeni, msikate kizima.

Vibendera vya watoto. Chukua ukanda wa kitambaa wenye upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 120. Tengeneza kielelezo cha karatasi chenye pembe tatu, kitako sentimeta 15 na kimo sentimeta 20. Kichore juu ya ukanda mara kikiwa wima, mara kikiwa kichwa chini, bila kuacha nafasi. Utapata vibendera 15. Vishoneni kwenye kamba mkiacha sentimeta 5 kati ya kimoja na kingine, vitafunika ukuta wa meta 3. Watoto waachiwe kazi hii hata kama mshono utapinda. Mtoto hukumbuka kibendera alichoshona mwenyewe miaka mingi baada ya kusahau kile kilichonunuliwa.

Hori. Tafuteni kikapu kidogo au sanduku la mbao, wekeni nyasi kavu. Mtoto Yesu ashonwe kwa kitambaa cheupe kilichojazwa sufi, avikwe kipande cha kanga. Na kipande hicho, kama inawezekana, kitoke katika kanga iliyowahi kumbeba mtoto wa nyumba hiyo. Horini kwetu kuna kipande cha kanga ya mama yetu, ambaye Bwana amemwita. Kilitoka katika kanga iliyochakaa mno, isiyovalika tena. Ni mraba wa sentimeta 20 tu, lakini wajukuu hukigombania kila mwaka nani akifunge.

7. Rangi na majira

Kanisa limetupa mpango mzuri wa rangi, nasi tunaweza kuufuata nyumbani. Wakati wa Majilio altare huvikwa zambarau, rangi ya kungoja na kutubu. Basi katika majuma hayo nyumba nayo itulie: kitambaa kimoja cha zambarau mezani chatosha, pamoja na Biblia na mshumaa. Asiye na zambarau atumie bluu iliyokolea. Hori liwekwe likiwa tupu.

Mapambo mengine yatundikwe siku ya mkesha, tarehe 24 Desemba, nyumba yote ikishirikiana. Siku hiyo rangi hubadilika kuwa nyeupe na dhahabu. Mtoto awekwe horini mtakaporudi kutoka Misa ya usiku. Wengi siku hizi hupamba tangu Novemba, halafu Noeli ikifika macho yameshazoea. Zamani tulifundishwa kwamba mgeni hatandikiwi mkeka kabla hajakaribia. Lakini akikaribia, hakuna asiyeamka.

Mapambo yakae mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Noeli si siku moja tu, ina siku 12. Baada ya hapo vueni, fueni, kunjeni.

8. Tahadhari ya moto

Chuoni tulifanya jaribio hili kila mwaka, na fundi yeyote aweza kulifanya nje ya nyumba, akiwa na ndoo ya maji karibu. Shika kwa koleo uzi au kipande kidogo sana cha kitambaa, ukiwashe. Cha pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Cha nailoni au poliesta hujikunja, huyeyuka, na kikipoa huwa shanga ngumu. Kikiyeyuka juu ya ngozi hunata na kuunguza vibaya.

Yote mawili ni hatari. Kwa hiyo mshumaa, kibatari na koroboi visikae karibu na pazia, wala chini ya vibendera. Mshumaa usimame katika bakuli la udongo lenye mchanga. Mtoto asiachwe peke yake na moto, na watu wote wakienda kanisani usiku, moto wote uzimwe kwanza. Wenye umeme nao wasifunike taa kwa kitambaa ili kupata rangi.

9. Kitambaa kisichotundikwa

Tumefika mahali pagumu kidogo. Someni Matendo, sura ya 9, mstari wa 36 hadi 39. Dorkasi alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakaonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyesha nyumba yake ilivyopambwa. Walionyesha walichokivaa.

Katika mtaa wetu, mnapoandika ile orodha ya vitambaa, kuna nyumba ambazo orodha yao haitafika mistari mitatu. Mko jirani nazo, mnazijua. Ndiyo maana tunapendekeza jambo hili: kabla ya kutundika pazia lolote, kila nyumba itenge kitambaa kimoja kwa ajili ya asiye nacho. Kiwe kizuri. Kilichochanika tukishone sisi wenyewe, tusimpe mwenzetu kazi na aibu kwa pamoja. Tena kipelekwe kabla ya Noeli, jioni, bila kutangazwa wala kusomwa kanisani, ili mpokeaji aingie Misa ya usiku kama mtu mwingine yeyote. Wanawake wale wa Unguja walitufundisha kwamba nguo huweza kumwambia mtu, "Wewe ni mali ya fulani." Nguo inayotolewa vibaya husema neno lile lile.

Na kwa wale ambao mwaka huu hawana hata uzi wa kununua, tunasema hivi: fagieni uwanja, tandikeni mkeka mliouosha, funikeni meza kwa kanga ya kila siku iliyofuliwa. Mmeshapamba. Mariamu hakuwa na zaidi.

Binti yetu sasa ni mama wa watoto watatu. Kila Desemba hutuuliza kwa simu, "Mmeshatandika kanga za bibi?" Habari za lesi hajawahi kutuuliza hata siku moja. Sisi hatujasahau, wala hatutaki kusahau, maana kila tukivuta ule uzi wa bandi mwezi Januari na doti ikarudi kuwa doti, tunajua kwamba mwaka huo hakuna mtoto aliyekaa barazani kwa ajili ya dirisha letu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini malaika aliwapa wachungaji alama ya kitambaa na hori, badala ya alama kubwa zaidi?

2. Someni Kutoka 35:21–29. Kuna tofauti gani kati ya kutoa ulicho nacho na kushindana kwa usichokuwa nacho? Toeni mifano ya mtaani kwetu bila kutaja majina ya watu.

3. Kila mmoja aandike gharama za Noeli iliyopita na mahitaji ya Januari iliyofuata. Je, moja lilikula jingine?

4. Chagueni pambo moja nyumbani mwenu, mlijibu kwa maswali matatu: Ni la nini? Linagharimu nini? Likiisha kazi litakwenda wapi?

5. Kikundi kipange siku moja ya Majilio ya kushona pamoja. Ni nyumba zipi zitakazopelekewa, na nani atakayepeleka kwa siri?

Kazi ya nyumbani: kila mwanachama aje na doti moja, sindano, uzi na futikamba. Tutatandika meza ya ukumbi wa mtaa kwa pamoja, na majina ya kanga yatasomwa kwanza!

Mungu azibariki nyumba zenu na mikono yenu. Tunawatakia nyote Majilio ya utulivu na Noeli yenye furaha.